Ukifa Unaimba Besi

Kila kundi la watoto lina mtu wake wa kushikilia sweta. Kwetu Gesima, kijiji cha wakulima wa chai, miaka ya tisini, mtu huyo alikuwa mimi. Majani chai hupenda baridi, na palipo na baridi mtoto hatoki nyumbani bila sweta; lakini mpira ukishapamba moto, au ule mchezo wa kati wa kukwepa mpira, au kuruka kamba, sweta hugeuka mzigo. Zote zilitupwa kwangu. Nilikimbia kama mtu anayetafuta kiatu kilichozama matopeni, kwa hiyo hakuna timu iliyonitaka. Nilikaa pembeni na rundo langu, nikiijua kila sweta kwa harufu yake: hii ya moshi, hii ya maziwa, hii ya mtu anayedanganya kwao kwamba ameoga. Sisemi nilihuzunika. Nilikasirika, na sweta za wale niliowawekea kinyongo nilizikalia.

Miguu Mungu alininyima, ila masikio alinijazia. Nikiwa jikoni niliweza kusema ni nani anayepasua kuni kwa jirani, na kama ana hasira au ana njaa tu. Kipaji hicho hakikuwa na kazi yoyote mpaka siku lori la chai lilipochelewa.

Ilikuwa desturi baada ya shule tutumwe kulinda vikapu vya majani kwenye banda la kununulia chai. Banda lilikuwa nguzo, mabati na sakafu ya saruji, na katikati ulining'inia mzani wenye ndoano kubwa ambayo karani alikataza mtu yeyote kuigusa. Siku hiyo nilikuwa na mkebe wa biskuti, ule mkubwa, mama aliopewa kwenye duka la Mhindi mjini Kisii. Nikaupiga kwa vidole kwa kuchoka tu: ta-ta, tatata, ta. Binamu yangu, kapteni wa mpira, akanijibu kwenye nguzo kwa madaha. Nikampa mdundo mwingine, mgumu kidogo. Akajaribu, akakwama katikati.

"Nimekupiga risasi," nikamwambia. "Kaa chini, umekufa."

Ajabu ni kwamba alikaa.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa Rudisha. Pande mbili zilisimama zikitazamana. Upande mmoja ulituma mdundo, na mtu wa upande wa pili aliyeelekezewa kidole alipaswa kuurudisha vilevile, kisha atume wake. Aliyekosea alikuwa amepigwa. Mkebe ulikuwa bunduki, vifuniko vya soda kwenye waya vilikuwa rashasha, na miguu mitupu juu ya saruji ilikuwa mizinga. Vita vyenyewe tulivipigana kwa Kiswahili. Ekegusii ilikuwa lugha ya kutumwa maji na kukumbushwa kunawa miguu. Askari wote tuliowahi kuwaona walikamata watu kwa Kiswahili, nasi hatukutaka kuua kienyeji. Neno moja tu lilitushinda. Mtu akikosea, makoo yote yalitoa "Yaya!", yaani hapana, kabla akili haijachagua lugha.

Karani wa chai alikuwa mtu wa pwani, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Alivumilia makelele yetu kwa muda, kisha akaja na kalamu sikioni.

"Nyie watoto, huyu yaya mnayemwita kutwa kucha, mbona haji kuwachukua?"

"Si mtu, karani," binamu akamweleza. "Ni kusema umekosa. Hii mchezo iko na sheria."

"Mchezo huu una sheria," akamsahihisha, akarudi kwenye kilo zake akitikisa kichwa.

Wiki zile nilikuwa mtu. Mpira wa karatasi uliozea kwenye mtaro. Ni mimi niliyepanga nani asimame wapi, na ni mimi niliyebaki wa mwisho karibu kila mara. Siku moja binamu, aliyekufa mapema mchezoni, alishikilia sweta yangu. Niliitazama ikiwa mikononi mwake mpaka nikakaribia kukosa mdundo. Karani alisema ngoma ikivuma sana hupasuka, nami nikadhani anazungumzia mkebe.

Kisha wachezaji wangu wakaanza kufungua midomo.

Mmoja alisema midundo ya haraka inamwumiza tumbo akiwa amekula maharagwe. Mwingine alitaka bunduki yenye kelele zaidi. Pacha wawili walidai wahesabiwe mtu mmoja, ili huyu akifa yule awe bado hai, na walikuwa na hoja kutoka Biblia. Hao wote niliwajibu jinsi walivyostahili. Aliyenichoma alikuwa mtoto wa jirani, mdogo kuliko sote, aliyeng'oka meno ya mbele.

"Hii mchezo yako ni mzuri," alisema. "Lakini mimi nakufanga mapema. Nikikufa nakaa tu hapo. Nashikilia watu sweta."

Nilipaswa kunyamaza nifikiri. Badala yake nikamwambia, "Vita ni vita. Aliyekufa hakohoi."

Kumbe hakohoi, lakini huondoka. Kesho yake hakuja. Keshokutwa pacha hawakuja, wote wawili, kwa hiyo hata hesabu yao haikunisaidia. Mpira mpya wa karatasi ukasukwa. Jioni moja nikajikuta bandani na mkebe wangu na binamu peke yake, naye alikuwa anachungulia uwanjani kila mara. Nikaona vizuri ninakoelekea: ukingoni, na rundo mapajani, maisha yangu yote. Nililia njiani, si kwa siri.

Mambo yakawa mabaya zaidi. Watoto wa ng'ambo ya kijito, waliokuwa Wakatoliki, walikuwa wamesikia habari za Rudisha wakatuma ujumbe: Ijumaa tukutane bandani. Hao walikuwa na ngoma, ngoma ya kweli ya ngozi, waliyozoea kuipiga kanisani. Sisi tulikuwa Wasabato. Kanisani kwetu ngoma haikuingia hata kwa bahati mbaya. Sisi tuliimba kwa mdomo mtupu, sauti nne. Na mimi sikuwa hata na jeshi.

Sabato iliyotangulia nilikaa kanisani nimenuna. Wakati wa kwaya nikawatazama watoto wenzangu kwenye mabenchi. Hakuna aliyewatazama soprano, ingawa walijinyonga shingo kwa kupanda juu. Wote walikuwa wamegeuka nyuma, kwa wanaume wa besi, wale wenye kola zilizobana, ambao hawakufanya lolote ila kunguruma kutoka tumboni, na benchi likatetemeka. Yule asiye na meno alikuwa amekunja kidevu shingoni, ananguruma kimyakimya kama paka aliyeshiba. Hapo nikajua.

Jumapili nilimfuata kwao. Kuomba radhi sikujua, lakini kutangaza sheria nilijua.

"Sheria imebadilika. Ukikufa hukai tu. Ukikufa unaimba besi."

Akaniangalia. "Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Wafu ndio wanashikilia mdundo. Bila wafu, walio hai wanapotea."

Alikimbia kuwaambia wengine kabla sijamaliza. Jioni hiyo walirudi wote, na mchezo ukaharibika upya kwa njia ambayo sikuitarajia: kila mtu alitaka kufa. Pacha walikosea mdundo wa mtoto wa kunyonya, kwa pamoja, wakaenda kukaa chini huku wameshikana mabega, tayari wananguruma. Binamu alijitahidi kuishi kwa heshima ya ukapteni, lakini macho yake yalikuwa kwa wafu. Nikapiga kelele kwamba watu wafe kwa haki. Karani akainua kichwa akasema hajawahi kusikia sentensi kama hiyo, ila sarufi yake haina kosa.

Ijumaa walikuja na ngoma yao wameibeba kama bibi harusi. Mpigaji alikuwa msichana mrefu mwenye viganja vipana, na mdundo wake wa kwanza ulitikisa mabati. Jeshi langu lilianguka kama nilivyohofia, mmoja mmoja, wengine kwa ushujaa na wengine kwa makusudi kabisa. Lakini kila aliyeanguka aliongeza sauti yake kwa wafu, na ile besi ya watoto wasio na sauti ya besi ikapanda kutoka sakafuni mpaka nikaihisi kwenye nyayo. Nikabaki peke yangu. Yule msichana akanitumia mdundo, nikaurudisha. Akatuma mwingine, nikaurudisha. Nyuma yangu wenzangu walikuwa wananguruma kwa raha ambayo sikuwa nayo, na mimi, mshindi wa kila siku, nikaona wivu. Mdundo wa tatu niliujua. Hata leo naweza kukupigia hapa mezani. Niliukosea.

"Yaya!" wakapiga kelele, wetu na wao.

Nikakaa kati ya binamu na yule asiye na meno, nikakunja kidevu, nikanguruma.

Wakatoliki walibaki wamesimama, karibu wote wazima, na ngoma yao. Walikuwa wameshinda, na hawakujua la kufanya. Walitusikiliza. Msichana mrefu akaweka ngoma chini, akauliza taratibu:

"Na sisi tunakufa aje?"

Jibu hatukuwahi kumpa, maana jua lilikuwa linagusa mlima na mama zetu walianza kuita kutoka kila kona: maji ya kuoga yamepata moto, Sabato inaingia, tuache dunia. Tukainuka kwa fujo. Nikakimbilia pembeni, kwa mazoea, kutafuta rundo la kugawa. Hapakuwa na rundo. Nikageuka, nikamwona karani amesimama kando ya mzani wake mtakatifu, na kwenye ndoano sweta zote, zetu na zao, zimetundikwa pamoja, na mshale wa mzani umesogea.

"Zilikuwa zinakanyagwa," alisema, kama mtu aliyefumaniwa.

Tulizichopoa kwa kusukumana. Yangu ilikuwa chini kabisa, imefunikwa na za wengine. Ilinuka moshi, na maziwa, na mtu asiyeoga.