Mlango Katika Ua wa Kayaba

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo hunijia yenyewe nikiwa nimekaa hapa nikiota jua, bila mimi kuiita. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukafunika mibuni yote, na ndani ya ukungu ule nikasikia mama mkwe wangu akimwita mume wangu. Sauti ilikuwa karibu, mwenyewe sikumwona. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa upande wa pili wa ua wa miiba, anaonekana kichwa na mabega tu, kibuyu cha uji amekiinua juu kama mtu anayevuka mto na mzigo.

Nitafika huko, usinisukume. Jana ulikuja na simu yako, Wawira, ukanionyesha picha za fensi za watu wa mjini, ukaniambia mimi bibi yako, "Cucu, sasa baba ametugawia shamba mimi na Munene, nataka fence ya maana hapo katikati. Niweke kayaba ama nijenge ukuta? Sitaki ndugu yangu na watoto wake wakipita-pita kwangu ovyo." Nikakuambia ngoja chai iive. Chai ikaiva, ukanywa, ukaenda kuwahi gari la Embu mjini, na mimi sikukujibu. Mtu mzima akinyamaza usidhani hana neno. Leo umerudi, basi kaa hapo kwenye kigoda.

Mimi ni mtu wa Meru, wajua. Nilizaliwa kule chini Mitunguu kwenye joto, na kwetu mpaka ulikuwa mstari wa migomba. Mtoto akishikwa na njaa anaingia kwa jirani, anachuma ndizi iliyoiva, hakuna wa kumuuliza. Nilipoolewa huku Embu, kwenye baridi na majani chai, ndipo nilipoona watu wanaoienzi miiba. Ua wa kayaba uliokatwa vizuri ulikuwa heshima ya boma. Hata leo nikifumba macho naziona zile nyua za zamani zikishuka kutoka kilima hiki hadi kile, kijani kibichi, na ukungu ukipita juu yake taratibu kana kwamba hauna pa kwenda. Sijui kama zilikuwa nzuri kiasi hicho au ni macho yangu yalikuwa machanga.

Lakini usichague mwiba kwa sababu ya picha. Ule wa kutambaa, wenye maua ya manjano, unapendeza msimu mmoja; msimu wa pili umekukamata sketi, na baadaye umekula nusu ya shamba. Ile miti ya maziwa wanayopanda kule Mbeere kwenye ukavu haisumbui kwa maji, ila tone likikurukia jichoni utalia hadi jioni, na wewe una mtoto mdogo. Bogenvilia ni ya mtu mwenye nafasi ya kukaa akiitazama. Kayaba ndiyo mwiba wa wenye subira. Unachuma tunda likiwa la njano, unaondoa nyama yake (na najua utaionja, na mdomo utakukunja), unaanika mbegu kivulini, unazipanda kitaluni, na mvua ya njahi, ile ndefu ya masika, ikianza unahamisha miche. Inakua polepole mno. Mwanzoni unailaani, kisha unaisahau, halafu siku moja unaikuta imesimama mbele yako.

Hivyo ndivyo ilivyotusimamia sisi. Babu yako Njeru alikuwa na ndugu mmoja tu, Nyaga, kitinda mimba. Baba yao alifariki kabla mimi sijaolewa, akazikwa kwenye kona ya juu, upande uliokuja kuwa wetu. Mama yao, Ciarunji, alikaa kwa Nyaga, maana huku kwetu mama huzeekea kwa mtoto wa mwisho. Kati ya shamba na shamba palikuwa na yale maua ya mpakani tu, yale yenye kitunguu chini, ambayo wazee waliyapanda wakiwa wamesimama wote pamoja na ambayo hata mwendawazimu hayang'oi. Kila asubuhi Mama aliyaruka akatuletea uji wa wimbi. Akirudi alipitia kaburini kwa mumewe, akang'oa nyasi huku akizungumza naye. Nilimsikia nikichuma mboga. Alimweleza nani amezaa, ng'ombe gani amekauka, na kwamba mke wa Njeru, yaani mimi, ninapika vizuri ingawa ni Mmeru.

Ugomvi wenyewe ni wa kucheka. Mtamba wa Nyaga alikata kamba akaingia kwenye maharagwe yetu yakiwa yametoa maua. Njeru alikuwa na hasira za karibu, na Nyaga hakujua kuuma ulimi.

"Funga ng'ombe wako!"

"Funga maharagwe yako!"

"Nitapanda kayaba hapa, kila mtu akae kwake."

"Panda. Panda, na seng'enge uweke juu."

Hasira hasara. Njeru akapanda, tangu barabarani hadi mtoni, bila kuacha hata nafasi ya kupita kuku. Na kosa lake, mwanangu, halikuwa kupanda miiba. Wazee wa hapa walikuwa na desturi yao: miiba hutazama barabara, hutazama wanyama. Kati ya ndugu na ndugu unaacha maua, na kama ni lazima uweke miiba, basi unaacha mlango, na mlango huo mnaupima wote wawili mkiwa mmesimama. Njeru aliyajua hayo tangu utotoni. Alipanda mchana kweupe, Nyaga akimtazama, na hakuna kati yao aliyemwita mzee yeyote.

Mimi nilikuwa mke mgeni mwenye mtoto mgongoni, tena Mmeru. Nilikumbuka ule usemi kwamba ndugu wakigombana shika jembe ukalime, nikashika jembe langu nikaenda.

Kuanzia hapo kumbukumbu yangu inakwenda taratibu, kama usingizi wa mchana. Naona mvua inakuja na kuondoka, na Mama anavuka. Miche ikiwa chini ya kifundo cha mguu, aliiruka bila hata kuitazama. Ilipofika magotini, alikusanya sketi kwa mkono mmoja na kibuyu akakishika kwa mwingine. Baadaye akaja na fimbo, akawa anaisukuma kando na kuiambia, "Nipishe, mtoto." Miiba ikamchora miguu mistari myeupe. Siku moja aliniona nikiitazama ile mistari, akacheka.

"Gatwiri, huyu mjukuu wangu wa miiba anajifunza kuandika."

Nikacheka naye, na moyoni nililia. Njeru aliona pia, nina hakika. Alikuwa akigeuka na kujifanya anatafuta kitu.

Tena kwa kiburi chake hakuukata ua ule hata mara moja. Alitaka uwe mrefu upesi, Nyaga asione hata moshi wetu. Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo ulilonijia. Kayaba isiyokatwa ikiwa changa hukimbilia juu na kuacha miguu wazi. Juu ni msitu, chini ni matundu. Mbuzi wa Nyaga wakawa wanainama na kupita kila siku ya Mungu, na maharagwe yakaliwa vilevile. Aliyezuiwa na ua ule alikuwa Mama.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya ukungu.

"Njeru! Njeru, njoo unipokee uji."

Njeru akatoka, shati halijafungwa vifungo. Akanyoosha mikono juu ya miiba, haikufika. Akajaribu huku, akajaribu kule. Ua ulikuwa umekuwa mpana kuliko mikono ya watu wawili, na kibuyu kikabaki hewani katikati yao.

"Zunguka na barabara, Mama," akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Leo nitazunguka," Mama akasema. "Miguu bado ninayo. Lakini nauliza kitu kimoja. Baba yako amelala huko kwako. Kitanda changu kiko huku kwa Nyaga. Siku nikifa mtanipitisha wapi? Mtanizungusha barabarani kama mgeni?"

Nyaga alikuwa nyuma yake akikamua. Nilisikia maziwa yakiacha kulia kwenye ndoo. Mama akakiweka kibuyu chini, upande wake, akarudi zake ndani ya ukungu bila haraka. Hakuzunguka siku ile.

Njeru alisimama pale mpaka jua likatoka. Kisha akaingia ghalani akatoka na panga, jembe na magunia ya kufunga mikono. Alipofika uani akalisikia panga lingine ng'ambo. Hawakuitana. Na kayaba haikatwi tu ikaisha, ukikata shina linachipua kwa ubishi zaidi, ni lazima uchimbe mzizi. Basi wakachimba mzizi mmoja kutoka pande mbili, damu ikiwatoka mikononi, hadi vichwa vikakaribia kugongana.

"Vuta wewe," Nyaga akasema, "mimi nasukuma."

Hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu maharagwe. Mzizi ukatoka, na wa pili ukatoka. Mama akaja akasimama na fimbo yake akitazama ule uwazi.

"Ongezeni," akasema.

Wakaongeza.

"Ongezeni tena. Watu watakuwa wamebeba, huku na huku."

Nyaga akaliachilia panga akageuka nyuma akajifuta uso kwa gunia. Njeru ndiye aliyeendelea kuchimba, kichwa chini. Nami nilisimama mlangoni mwa jikoni nikalia mbele ya watu, jambo ambalo mke mgeni hakutakiwa kulifanya, na hakuna aliyenikemea.

Usifikiri baada ya hapo waligeuka malaika. Waligombana juu ya maji, juu ya mti ulioanguka, juu ya jogoo. Ila waligombana wakisimama mlangoni pale, uso kwa uso, na Mama akipita katikati yao na kibuyu chake iliwabidi wanyamaze kwanza. Ua wenyewe waliukata wote hadi karibu na ardhi, wakauanza upya. Samaki mkunje angali mbichi. Kayaba nayo ikichipua unaikata ingali laini, tena unaikata, ndipo inapotoa matawi chini na kufunga. Unaiacha iwe pana chini na nyembamba juu, mwanga ufike miguuni. Unakata mvua ikiwa imekaribia, si wakati wa kiangazi. Na vile vijiti vilivyokatwa unavizoa vyote kwa uma wa mti na kuvichoma, kwa sababu mwiba mkavu una hila kuliko mbichi. Mbuzi hawakupita tena.

Lakini ule mlango ndio uliowasumbua zaidi. Ua ukiuacha unabaki ua. Mlango ukiuacha unaziba. Kila mvua matawi yalinyoosha mikono kutoka pande zote mbili, na kila mvua walitoka wote wawili wakakata, kila mmoja upande wake, wakiulizana habari za watoto.

Mama alifariki mibuni ikiwa imechanua, shamba lote likinukia. Jeneza lilitoka kwa Nyaga, yeye mbele upande mmoja na Njeru upande wa pili, wanawake tukiimba nyuma. Nilikuwa nikitazama miiba. Walipita, na hakuna jani lililomgusa. Tukamlaza kando ya mumewe, na barabarani hakufika.

Haya ndiyo majibu yangu, mwanangu. Panda kayaba upande wa barabara, iwe nene, sungura asipite. Kati yako na Munene, kama moyo wako hautatulia bila ua, usipande hata mche mmoja kabla hujamwita yeye na baba yenu mkasimama hapo. Uukate ukiwa mchanga. Acheni mlango, na usiupime kwa mwili wako, wala kwa toroli. Upime kwa jeneza na watu wanaolibeba. Kisha uukate mlango huo mara nyingi kuliko ua wenyewe, hata mwaka ambao hamsemezani. Hasa mwaka huo.

Maana nitakuambia jambo ambalo hukulifikiria jana ulipokuwa ukinionyesha picha. Nyumba hii ninayokaa imeangukia sehemu ya Munene. Na babu yako Njeru amelala kwenye kipande chako.

Usilie, sikukuambia ulie. Bado nina nguvu, na uji ninaupika mwenyewe. Nipe mkono. Mungu akupe ua unaozuia mbuzi na kupitisha watu. Akupe mikono isiyochoka kukata. Watoto wa ndugu yako waingie kwako bila kupiga hodi, na wako wale kwake mpaka walale hapo hapo. Ardhi hii iwatambue wote wawili. Nenda salama, mwanangu, na kabla hujapanda gari, pitia kwa Munene.