Sidii za Anastazia na Foleni ya Butiama

Aibu hii nimeibeba miaka mingi na leo naiandika kwa mkono wangu, na darasa langu la nne, mnisamehe mwandiko, kwa sababu nyie mnaoisimuliaga mnaongezaga chumvi, mnasema niligawa mpaka boksi lenyewe, wakati boksi nilirudi nalo nyumbani Makoko.

Binti yangu Anastazia alikuwaga kwenye kundi la watu wanaotengeneza programu za kompyuta za bure, wenyewe wanaziita huria, na kazi yake yeye ilikuwa kamusi, ile ambayo ukiandika neno isilolijua inapiga mstari mwekundu chini yake. Kamusi ya kwanza ilijua maneno machache, wapiga chapa wa Butiama, Bunda na Kibara wakachoka na huo wekundu, wakaizima. Anastazia akatengeneza mpya, mwaka mzima. Intaneti huku ilikuwaga ya kusikia redioni, basi akaiweka kwenye sidii kumi na mbili, zile sahani nyembamba za kompyuta, za ofisi kumi na mbili. Wenzake wa mjini walishamwambia, zisipofika kabla ya Ijumaa, siku ya kuweka programu mpya, watu wa mkoa wa Mara watabaki na ile ya zamani. Siku ya safari malaria ikamlaza. Nikasema lete, naenda mimi.

"Mama, anza na Veronika, mpiga chapa wa Butiama, umkabidhi mkononi," akaniambia.

Nikatafuta kitu kigumu cha kubebea, nikapata boksi la sabuni. (Hapo ndipo shetani alipoingilia, kama mnataka kujua.)

Butiama nikakuta ofisi imefungwa, Veronika kaenda msibani, atarudi saa saba. Nikakaa kwenye ngazi, boksi mapajani. Jua lilikuwa la kubembeleza, mtama wa ng'ambo ya barabara unainama na kuinuka kama unapumua, nikaanza kuelea, nusu niko pale, nusu niko kwenye duka la kijiji miaka ile ya shida, naangalia mgongo wa aliye mbele yangu. Maduka yalikuwa yameshajaa vitu tangu biashara ifunguliwe, lakini miguu yetu ilikuwa haijaambiwa, maana nilipofumbua macho kulikuwa na foleni, wote watu tunaojuana toka zamani. Nyangeta wa kwanza na beseni lake, nyuma yake Bhoke, Sabina wa mashine ya kusaga, Mzee Magesa na fimbo, na wengine mpaka kwenye kona.

"Mama Anastazia, ni za bure?" Nyangeta akauliza.

"Za bure." Kwani hazikuwa za bure?

Ningesema tu, si sabuni jamani, nendeni, yangeisha. Lakini maisha yangu yote nimepanga foleni, sijawahi kuwa yule wa mbele anayegawa, na walivyoniangalia kwa upole, na jua lile, nikafungua boksi kama mtu anayeota. Nikatoa moja, inang'aa rangi zote kama mafuta juu ya maji, nikampa.

"Ni nini hii?"

"Ni maneno."

"Maneno tu?"

"Maneno mapya."

Akaiweka kwenye beseni akaondoka, maana nani anakataa kitu alichokipangia foleni? Nikampa Bhoke, nikampa Sabina, nikampa mzee, nikaenda hivyo hivyo mpaka mkono ukagusa boksi tupu, na watu bado wapo, nikasikia lile neno tulilolichukia likitoka mdomoni mwangu mwenyewe: "Zimeisha."

"Zimeisha!" akafoka mwanaume wa nyuma. "Toka enzi zile mpaka leo, nikifika mimi tu, zimeisha!"

Veronika akarudi na vumbi la makaburini miguuni. Akaangalia boksi. "Mama, ya kwangu? Na za Bunda? Na za Kibara?"

Nikanyoosha kidole. Kwenye mtama wa Nyangeta, kamusi ya mwanangu ilikuwa inaning'inia kwa uzi, inafukuza ndege, inazunguka polepole inamwaga mwanga, na Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri mpaka nikasahau kulia.

Tukazunguka nyumba kwa nyumba, nusu ya kijiji nyuma yetu wanacheka. Nyangeta aliisugua kwanza kwa majivu ing'ae zaidi. Sabina kaiwekea sufuria ya moto, imejikunja. Ya Bhoke mtoto kaing'ata. Kila moja Veronika akiishika anatikisa kichwa, na mimi nauona mwaka mzima wa Anastazia unaishia jikoni kwa watu.

Ya mwisho ilikuwa kwa Mzee Magesa, kaiegemeza dirishani kama kioo, ananyolea ndevu, safi kabisa. Nikapiga magoti.

"Mzee wangu, tunaiomba."

"Kitu cha foleni hakirudishwi, mama."

"Utarudishiwa leo hii hii," Veronika akasema.

Akatufuata ofisini na povu shavuni. Veronika akaitumbukiza, kompyuta ikaunguruma, akachomeka disketi tupu, akaitoa akaandika juu yake Bunda, akachomeka nyingine, akaandika Kibara.

"Unagawaje," nikauliza, "na iko moja?"

"Moja inatosha, mama. Hii haiishagi. Unanakili, unampa mwenzio, na yako inabaki."

Akamrudishia mzee ya kwake. Mzee akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku. "Haijapungua?"

"Haijapungua."

Na mimi nikasogea kuangalia, shingo nimeinyoosha, watu wamejaa mlangoni wamekufa kwa kicheko.

Disketi zikafika ofisi zote kabla ya Ijumaa, lakini tangu siku ile nikitumwa kitu naulizaga kwanza, hiki kikigawanywa kinaisha au kinabaki? Wajukuu wananicheka, wacheke. Na mbele ya mlango uliofungwa sikai tena na boksi, nikichoka nasimama.