Tuta la Mama pale Misheni

Mwaka 2014, mvua za kwanza zilipotuliza vumbi, nilimwambia mjukuu wangu, yule niliyempa jina la mama yangu, anitoe Kibondo anipeleke Kasulu, kwenye misheni kongwe nilikokulia. Sikwenda kusali, jamani, nisiwadanganye. Nilikwenda kuliona tuta la mama.

Bustani ile ya jikoni waliianza mapadri wa kwanza wenyewe, kabichi, karoti na figili, magugu yakawashinda wakawaita mama zetu. Kila mmoja alichimba tuta lake, na tuta likabeba jina lake: kwa Melania, kwa Yustina, kwa Veronika, kwa Skolastika, na la mwisho kule chini, kwa Anastazia. Huyo ndiye mama yangu. Kabichi zenyewe zilikwenda kwa mapadri, majani ya nje yakaja kwetu. Pembeni mama alipanda isogi, mboga yetu chungu, ambayo ikichemka jioni hata jirani anajua mnakula nini.

Maji yalishuka kwa mfereji kutoka chemchemi. Mzee wa maji alifungua kwa jembe na kuziba kwa magome ya mgomba na tope. Mimi nilikuwa mdomo wake: nakimbia kando ya mfereji naita jina la tuta lenye zamu. Mwenye tuta akiona maji yamegusa mwisho, anaitikia kwa Kiha chetu, "Yaje!" Yaani yamefika. Ndipo tunaziba.

Skolastika alipenda soga, akisahau kuitikia maji yanafurika kwa mama.

"We Skolastika, umelala? Unazamisha karoti zangu!"

"Zako tangu lini? Si za mapadri?"

"Zikizama ni zangu, zikiliwa ni zao!"

Bustani nzima inacheka, hata mzee wa maji anaegemea jembe.

Halafu mama akavuka mpaka kwenda kumzika dada yake Burundi. Akaugua hukohuko, akazikwa hukohuko. Baadaye vita vikapita, na waliojua kaburi lake wakatawanyika au wakafa. Mpaka leo sijui pa kuweka ua.

Tuta lake akapewa mwanamke mwingine, Leokadia. Nikamuuliza mzee wa maji, sasa niite nani? Akasema, "Ita vilevile. Nikibadili majina kila msiba, maji yatanipotea." Basi nikaita Anastazia, na Leokadia akaitikia. Kila zamu moyo uliruka, kisha ukakaa chini. Lakini nilishukuru, maana palikuwa na mahali duniani panapoitwa kwa mama. Niliolewa Kibondo nikijua tuta lipo.

Siku hiyo ya 2014 mlinzi alitupokea getini.

"Shikamoo, bibi. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Natafuta bustani."

"Bustani ipi tena, bibi? Mboga tunanunua sokoni."

Pamejengwa vyumba vya wageni, bati jekundu, na mbele yake matofali ya saruji ya kuegeshea magari. Mfereji umefukiwa. Melania, Yustina, Veronika, wote wamelala chini ya saruji hiyo, na hakuna hata jiwe la kusema walilima hapa. Sikumlaumu mlinzi, alizaliwa jana. Ila miguu yangu ilikumbuka mteremko. Nilishuka hadi pale chini, kando ya gari la mtu, nikasimama.

Nikaita. Kwa Melania. Kwa Yustina. Kwa Veronika. Kwa Skolastika. Sauti ilitoka nyembamba, siyo ile ya kukimbia na maji.

"Anastazia!"

"Abee, bibi?" akaitikia mjukuu wangu nyuma yangu.

"Siyo wewe, mama."

Akaja akanishika mkono. Nikasubiri kidogo, kama tulivyosubiri zamani maji yafike mwisho wa tuta.