Vema Nilizoichorea Propela

Pikapu ya baba ilianza kutetemeka kila tulipopandisha kwenda Newala. Ikishika mwendo, sakafu inaunguruma, na mama aliyekaa mbele anaongea kama mbuzi. Baba, kama wengi tangu serikali iseme biashara ni ruksa, alinunua gari kwanza, ufundi akajifunza baadaye. Akaingia chini ya gari uani kwetu Chiungutwa, akaitikisa propela, lile bomba refu linalozungusha magurudumu ya nyuma, akasema krosi, kiungo chake cha chuma, imekwisha.

Krosi mpya akainunua Masasi, kwa mzee mmoja muuza spea. Kabla ya kuichomoa propela, ambayo ina vipande viwili, akaniambia, "Chukua chaki, weka alama kwenye maungio, irudi ilivyokuwa."

Mimi na alama! Nikaichorea vema tano, nikaandika mia kwa mia, "Umefaulu, ongeza bidii." Dada yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Wakati wa kuirudisha baba akauliza, "Alama ipi sasa?" Nikamwonyesha vema mbili zilizokaribiana. "Hizi, baba."

Gari likatetemeka kuliko mwanzo.

Tukaifungua tena, tukarudi na krosi Masasi kwa basi. Baba, ambaye nyumbani hapandishi sauti, akasema mbele ya wateja, "Mzee, unaniibia mchana kweupe!"

Mzee akaigeuzageuza krosi. "Mbona nzima, mwanangu? Uliweka alama?"

"Niliweka!"

Nilikuwa pale pale, nakagua ndala zangu kama zimenunuliwa leo. Mzee akatoa krosi nyingine bila kubishana.

Nilikiri nyumbani, gari likiwa juu ya jeki, kwamba vema zile mbili nilizibahatisha. Niliongea haraka, nikingoja kofi. Halikuja. Baba alizifuta vema zote kwa kitambaa, akaizungusha propela mpaka masikio yanayoshika krosi ya mbele na ya nyuma yakakaa mstari mmoja, akaifunga. Gari likatulia. Akasema, "Panda."

Dukani kwa mzee, Masasi, kulikuwa bado na watu. "Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba."

Baba akavua kofia, akaomba radhi, akasema kosa ni la nyumba yake. Sikuwa nimewahi kumwona baba amevua kofia mbele ya mtu. Mzee akamsikiliza, akanigeukia. "Na wewe, una neno?"

Mimi, ambaye darasani sinyamazi, nikapata maneno mawili tu. "Nilitania, babu."

"Wewe umetania," akasema. "Aliyeitwa mwizi ni mimi."