Gari Lililokunywa Maji ya Watu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa funguo. Fundi Mkuu wa gereji ya chama chetu cha ushirika pale Masasi, mzee mfupi mwenye ovaroli iliyokakamaa kwa grisi, alinipeleka nyuma ya ghala la korosho palipokuwa na magari mafu, majani yameota mpaka madirishani, akaniambia niyatazame vizuri. Nilikuwa na leseni mpya mfukoni na shati nililopiga pasi kwa ajili ya kuonekana. Nilikuja kuendesha, si kuzuru makaburi.

"Haya yote yaliondoka hapa yanatembea, yakarudi yanavutwa," akasema. "Unajua kwa nini?"

"Yalikuwa mabovu, mzee."

"Hapana. Hakuna aliyeyafikiria yalipokuwa mazima. Gari la kazi ya kila siku, kijana, unaanza kulitafutia mrithi siku ile ile unayokabidhiwa."

Nilishtuka. Mrithi wa gari ambalo hata sijalipanda? Nilidhani ananitania kwa vile ni mgeni. Lakini nyie mliozaliwa juzi hamjui mambo yalivyokuwa. Gari halikununuliwa dukani kama sukari. Chama kiliomba kibali, kibali kikaenda makao makuu, kikalala huko miaka, na kama hukuomba mapema unabaki na mkweche wako na baiskeli. Kwa hiyo Fundi Mkuu alitufundisha kusoma uzee wa gari kabla halijaanguka. Moshi wa bluu, maana yake ringi za pistoni zimelika na gari linakula oili. Usukani ukizunguka mkono mzima ndipo matairi yatii, viungo vya mbele vimekwisha. Halafu maji. Rejeta, lile sanduku la mbele linalopoza injini, likianza kudai maji kila safari bila kuvuja nje, basi gasketi ya silinda hedi inaachia na injini inayanywa yenyewe. "Ukifika hapo," alikuwa akisema, "usiulize kama litakufa. Uliza litafia wapi."

Nilianzia Lulindi, kwenye ghala dogo, chini ya Msimamizi wa Ghala ambaye aliogopa magari kuliko nyoka. Baadaye nikapewa Landrova ya kwenda Newala. Ile ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya maisha. Kila siku ya Mungu nilitoka Masasi, nikaupanda mlima wa kwenda uwanda wa juu kwa gia ya kwanza, nikafika Newala na makarani, mizani na magunia matupu, siku nyingine nikaendelea mpaka Mnyambe. Mchanga wa juu kule unalifanya gari lihangaike hata penye tambarare. Alasiri moja mita ya kilomita ilifika mwisho wa namba zake na kurudi sifuri, na karani aliyekuwa pembeni yangu akapiga kelele, "Limezaliwa upya!" Walicheka wote. Mimi sikucheka, maana nilijua nimekaa juu ya gari lililokwisha.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Masasi yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa ghafla, sabuni, betri, matairi, na magari yaliyotumika Ujapani yakaanza kuonekana barabarani yakiwa na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Tulitembea tumekodoa macho. Fundi Mkuu alistaafu wakati huo huo, akaniambia sasa ni zamu yangu kuwakumbusha wakubwa. Nikaenda kwa Katibu wa Chama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwepesi, msafi, mtoto wa mwalimu wa misheni, anayependa mambo yaishe haraka.

"Katibu, Landrova inakunywa maji. Tuanze kutafuta nyingine kabla ya msimu."

"Baba Selemani, wewe bado uko enzi za vibali. Magari yamejaa siku hizi! Siku likifa hili, kesho yake nanunua jingine. Sasa kupanga kwa nini?"

Miaka yote tulipanga kwa sababu magari hayakuwepo, kumbe yalipokuja ndipo yalipotuondolea akili ya kupanga. Nilimrudia mara nyingi. Kila mara alinipiga begani na kuniambia, "Tuvuke msimu kwanza."

Na gari likazidi kunywa. Sasa mtu wa bondeni hawezi kuelewa maji ni nini kule juu. Kiangazi kikikolea na bomba likikauka, akina mama wa Newala wanateremka bondeni alfajiri na kurudi na ndoo kichwani jua likiwa kali, wameupanda mlima ambao mimi naupanda kwa injini na bado naulalamikia. Pale juu mlima unapoishia palikuwa na nyumba ya Mama Zainabu, mjane, anaishi na baba mkwe wake aliyekuwa mgonjwa. Tulikuwa na utaratibu wetu. Nilimpandishia maji kutoka Masasi, yeye akanitunzia kidogo kwa ajili ya rejeta wakati wa kurudi. Kwanza gari lilichukua kidogo. Halafu likawa linachukua yote. Halafu, katikati ya kiangazi kile, jioni moja lilikunywa mpaka ya mtungi wake wa ndani. Aliyamimina mwenyewe.

"Kesho asubuhi nakurudishia madumu mawili, Mama Zainabu."

"Najua, Baba Selemani. Nenda salama."

Asubuhi yake nilipakia madumu yake mawili pamoja na debe letu la akiba. Katibu naye alipanda. Wanunuzi binafsi wa korosho walishaanza kuzunguka vijijini, akataka kuwahi mkutano wa wakulima Mnyambe. Hatukufika hata nusu ya mlima, gari likachemsha. Nikamimina akiba yote. Tukasogea, likachemsha tena.

"Mimina na hayo," Katibu akasema, akionyesha madumu.

"Haya ni ya watu, Katibu."

"Tutawarudishia. Mimina, mkutano unanisubiri."

Nikamimina moja. Gari lilipanda kidogo, kisha nikasikia mlio kama chungu kinachopasuka, na moshi mweupe ukatoka nyuma. Gasketi imekwenda. Katibu alishuka kwa hasira, akatoa dumu la pili mwenyewe, akawa anafungua kifuniko, nami nikimwambia haitasaidia kitu. Hapo tukaona baiskeli inateremka kwa kasi. Alikuwa Hamisi, mdogo wake Mama Zainabu. Akasimama mbele yangu na hakutoa shikamoo. Kwetu kijana kumkabili mtu mzima bila shikamoo ni jambo la kutisha.

"Baba Selemani, maji yako wapi?"

"Kuna nini, Hamisi?"

"Mzee ametutoka usiku. Dada amewaambia watu wasihangaike, maji yanakuja na wewe asubuhi. Wanawake walioteremka bondeni hawajarudi. Majirani walichokuwa nacho kimeisha. Mzee amelala pale, anangoja kuoshwa."

Nilitazama chini ya injini. Maji yalikuwa yanadondoka, mchanga unayameza. Maji ya marehemu! Nikashika boneti ya moto na sikuhisi kitu mpaka baadaye nilipoona kiganja kimebabuka. Katibu alikuwa bado ameshika dumu. Alikifunga kile kifuniko polepole, akakikaza, akalifunga dumu kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, na mkutano wake hakuutaja tena. Hamisi akakokota, Katibu akasukuma kwa nyuma kwa viatu vyake vya ofisini. Mimi niliweka mawe nyuma ya magurudumu ya gari nikawafuata.

Mzee aliyesimamia uoshaji alilitazama lile dumu moja, akasema yatatosha wakiwa waangalifu. Wakawa waangalifu. Sisi tuliketi mkekani nje na wanaume wengine, na hakuna aliyetuuliza neno, jambo lililonitesa kuliko kutukanwa.

Mama Zainabu alitoka baadaye, kanga imefunika kichwa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi. Nikasimama. Katibu naye akasimama.

"Pole na njia, Baba Selemani," akasema. "Wamesema mmekwama. Gari limepona?"

Nimeshuhudia mengi barabarani, magari yaliyopinduka, watu waliokatika miguu. Hakuna kilichonishtua kama swali lile. Mwenye msiba ananiuliza hali ya gari! Katibu akageuka upande wa ukuta akajifuta uso kwa kiganja.

Tulizika. Tulipokuwa tukiteremka mlima kwa miguu kuelekea kule gari lilikolala, alisema jambo moja tu: "Keshokutwa nenda Dar es Salaam ukatafute gari. Usiniulize habari za msimu." Tukapata pikapu ya Kijapani kabla korosho hazijaanza kuanguka. Chama chenyewe hakikuishi muda mrefu baada ya hapo, wanunuzi binafsi walikimaliza, nikaendesha magari ya watu binafsi mpaka magoti yakakataa.

Siku hizi naishi Mkomaindo, hapa hapa Masasi. Mpangaji wangu ni kijana mwenye gari dogo alilolinunua likiwa limeshachoka, na kila siku linampeleka kazini. Juzi aliniuliza alibadilishe likifika kilomita ngapi. Nikamwambia mita haijui kitu. Nikamuuliza nani analihudumia.

"Mimi mwenyewe, mzee."

"Asubuhi likigoma kuwaka?"

"Ah, wale akina mama wa genge la vitumbua wananisukumia. Wamenizoea, wanaacha tu vikaango wanakuja." Alikuwa anacheka. Halafu akaacha kucheka, akalitazama gari lake pale uani.

"Basi umeshachelewa," nikamwambia. "Anza leo kulitafutia mrithi."