Mpiga Mnada Aliyepotewa na Maneno

Verlon Stidham alikuwa mpiga mnada wa ng'ombe, na katika tambarare zile za Oklahoma sauti yake ilijulikana kuliko sura yake. Akishika kipaza sauti, maneno yalimtoka kama mvua ya mawe juu ya bati, na wafugaji waliokuja kutazama tu walirudi nyumbani na ndama.

Miaka kadhaa baada ya kurudi kutoka vitani, kule jangwani Iraki, alipanda jukwaani siku ya mnada, akamtazama mtamba mwekundu aliyeingizwa uwanjani, akanyamaza. Hakujua mnyama yule anaitwaje.

"Verlon, umemeza ulimi?" mfugaji mmoja alipaza sauti.

Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni mbwembwe zake. Naye akacheka nao, jasho likimtiririka mgongoni. Hakupanda tena jukwaa lile.

Yakafuata mengine. Mikono ikaanza kutetemeka, nyayo zikawaka moto bila jeraha, akapotea akitoka kanisani kwao. Daktari akazitazama picha za kichwa chake.

"Ubongo hauna kasoro, Bwana Stidham. Ni mawazo tu. Vita huacha mawazo."

"Mawazo ndiyo yanayombwaga bafuni, daktari?" mkewe, Twyla, alidakia. "Basi mpe dawa ya mawazo, tuone kama atasimama."

Aliyemwelewa ni Rubén Ochoa, waliyelala naye hema moja jangwani. Ochoa alikuwa akipiga simu kutoka Texas, naye pia mikono ikimtetemeka hata kikombe kimshinde.

"Ndugu yangu, unaikumbuka siku tuliyolipua lile ghala la mabomu?"

"Naukumbuka moshi," Verlon alijibu. "Na ving'ora vya kutahadharisha sumu hewani vikilia."

"Wakatuambia ni betri mbovu, tuvizime. Tukavizima wenyewe."

"Labda zilikuwa mbovu kweli, Rubén."

"Labda," Ochoa alisema.

Baridi ilipoanza, Ochoa akafa. Twyla alimpakia mumewe garini, wakashika njia ya Texas.

"Tunakwenda wapi?" Verlon aliuliza.

"Kumzika Ochoa, mpenzi."

Akalia kwa kwikwi, uso kwenye kofia. Walipoupita mji uliofuata alikuwa ameshajifuta, akitazama nyasi kavu. "Tunakwenda wapi?"

Twyla akamwambia tena, na msiba ukamwangukia upya, kana kwamba hajawahi kuusikia. Alipouliza mara ya tatu, Twyla alishindwa.

"Tunakwenda kwa Ochoa."

"Vizuri!" Verlon akatabasamu. "Yule hana breki mdomoni. Tutachelewa kurudi."

Akapiga mluzi njia nzima. Twyla aliendesha polepole, akiuogopa mlango wa kanisa.

Ndani, Verlon aliliona jeneza, akamwona aliyelala humo. Alisimama pale mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha akamwendea mjane, akamshika mikono yote miwili.

"Nisamehe, shemeji," alisema, akigeuka kumtazama mkewe kwa macho makali. "Sikuambiwa."