Upepo wa Tairi

Trekta la mdogo wangu lilikuja bila paa, na lau lingebaki hivyo leo ningekuwa na habari nyingine ya kusimulia. Lakini yeye akaona jua linamdhalilisha. Akalipeleka kwa fundi wa kuchomelea kule Ikwiriri, akarudi nalo limesimamishiwa mabomba manne manene juu ya madigadi ya nyuma, na bati jekundu juu yake. "Bosi hapigwi jua, dada," akaniambia. Nilimcheka mpaka machozi. Nilimwambia limekuwa kama punda aliyevishwa kofia.

Masika ile mama alikuwa bondeni, kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti, anawinga ndege waliokuwa wanashambulia mpunga wake. Shangazi yetu alikuwa kwenye dungu la jirani. Asubuhi moja akamwita mama asiitikiwe, akapanda, akamkuta amelala ubavu, mkono wa kulia hauna uhai na mdomo umekwenda upande.

Nilipofika, shangazi alikuwa keshakata shauri. "Wifi yangu kapigwa na upepo. Haya si ya sindano haya." Alikuwa na mganga wake, upande wa Nyamwage, aliyesifika kwa kuwatoa watu upepo mbaya. Mama maisha yake yote hakuwapenda waganga. Ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito, lakini alinishika kanga kwa mkono wa kushoto akasema neno moja tu: "Hospitali." Kwangu mimi hapo mjadala ulikwisha.

Bodaboda hazikuweza kupita, njia nzima ilikuwa tope. Tukatandika godoro kwenye tela la trekta, tukamlaza mama, mimi nikampakata kichwa, shangazi akashika mwavuli huku ananuna. Mdogo wangu akawasha. Tulitaka kufika barabara ya lami tu, tupate gari la kutupeleka hospitali ya Mchukwi. Wallahi nilijua tutawahi.

Kabla ya lami kuna daraja dogo. Waliolijenga walisimamisha nguzo mbili mlangoni na chuma kimoja juu, ili malori ya mkaa na magogo yasipite yakalivunja. Siku zote mdogo wangu hukikwepa kile chuma kwa kupita chini, mtoni penyewe, maana kiangazi maji hayafiki hata magotini. Siku hiyo mto ulikuwa umefura mpaka kwenye kingo. Akajaribu darajani, pole pole, na bati jekundu likagota. Lilizidi chuma kwa vidole vinne.

Nilianza kumtukana, nikafika "mwana wa", nikakumbuka mama yake ndiye huyu niliyempakata. "Ling'oe!" nikapiga kelele.

"Limechomelewa, dada."

"Likate!"

"Nikate na nini?"

Nikaruka chini, nikachukua panga, nikalipiga lile bomba kwa mgongo wa panga mpaka mkono ukafa ganzi. Halikupata hata alama. Fundi alikuwa fundi, Mungu amlaani.

Pale palikuwa na watu wengi waliozuiwa kuvuka na trekta letu. Mmoja akachungulia chini ya bati, akatazama magurudumu ya nyuma, akasema, "Toeni upepo, litashuka." Wenzake wakamdaka maneno: "Naam, toa upepo! Toeni wote!"

Shangazi akasimama telani. "Si nilisema mie? Hata wapita njia wameuona!"

Ndipo mama akafumbua macho. Akajikaza kama anataka kuketi, na maneno yakamtoka yamenyooka kabisa, sauti yake ile ile ya kutuamrisha tuepue chungu: "Mimi sina upepo. Nipelekeni hospitali."

"Si wewe, mama!" nikamfokea kutoka chini, panga mkononi. "Ni upepo wa tairi!"

Akanitazama. Kisha akafumba macho.

Mdogo wangu akafungua valvu. Kwa ile fadhaa alisahau kwamba yale matairi ya nyuma aliyatia maji, kama wanavyofanya wenye matrekta ya bondeni, ili yawe mazito yashike tope. Maji yakamrukia kifuani. Akaziba kwa kidole, akaona haizibiki, akayaacha yaende. Mzee mmoja akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki." Nikamwambia mzee naomba unyamaze, na hata shikamoo sikumpa.

Trekta likashuka, likabakisha kidole kimoja. "Wanene wapande!" mtu akapiga ukelele. Wakapanda juu ya madigadi, wakaning'inia, mama mmoja muuza samaki wa kukaanga akavutwa na wanaume watatu huku anasema leo unene wake umepata kazi. Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe. Bati likalia chini ya chuma, likapita.

Ng'ambo tukabaki na trekta lisilo na upepo wala maji. Pampu iliyopatikana ni ya baiskeli. Wanaume wakapokezana, jasho linawatiririka, na tairi linameza tu. Likainuka kidogo, tukasema bismillahi, tukaondoka. Kwenye tope la kwanza magurudumu yakazunguka patupu. Uzito wake wote tulikuwa tumeumwaga kule darajani. Mdogo wangu akatia gia hii na ile, likazidi kujichimbia, akazima injini akalaza kichwa kwenye usukani.

"Dada, nimekwisha."

Nilitafuta tusi, nikalikosa. Niliketi matopeni nikalia, kisha nikaona aibu, nikainuka.

Wale wale wa darajani ndio waliotufuata. Wakalifunga godoro kwenye miti miwili, wakambeba mama, wanateleza, wanapokezana. Njiani kuna mtu alituona akasema inna lillahi. "Hajafa!" nikamkemea. Kwenye lami tukasimamisha gari. Tulipofika hospitali watu walikuwa wanatoka kuswali alasiri.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akainama, akamwamkia shikamoo mama, akamwuliza anaumwa wapi. Mdomo ukafunguka, ikatoka pumzi tu. "Mjibu, mama," nikamwambia. Alitazama dari. Machozi yakamtoka jicho moja.

Daktari akanigeukia. "Mara ya mwisho kuongea vizuri ilikuwa lini?"

"Darajani."

"Alisema nini?"

"Alisema tumlete hospitali."

Akanishika bega. "Basi mmemleta, dada yangu," akasema.

Bora angenitukana.